Kumbukumbu ya Mbwa Wangu Waseme

Katika lugha yetu neno mbwa hutumika zaidi kwa kutukana kuliko kwa kusifu. Asiye na haya huitwa mbwa. Afaye pasipo mtu wa kumstiri husemwa kuwa amekufa kifo cha mbwa. Na chakula kisichomfaa mgeni huambiwa kuwa ni cha mbwa. Nayajua hayo, na kwa kuwa nayajua nimesita miaka mingi kuiandika habari hii. Mtu mzima kumlilia mbwa ni jambo la kuchekwa, na kulitangaza kwa kalamu ni kujitafutia kicheko cha pili. Lakini liko deni ambalo kunyamaza hakulilipi. Mbwa wangu alikufa Newala mwaka 2012, na katika kifo chake mimi nilikuwa na sehemu. Nilimzika siku ile ile aliyokufa, ila moyoni mwangu alibaki juu ya ardhi. Nataka kumlaza leo.

Asili yake ilikuwa Masasi. Aliyepata kufika huko hawezi kuisahau milima ile ya mawe, iliyosimama mmoja mmoja juu ya nchi tambarare mfano wa mitungi iliyofudikizwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye wanafunzi wa Kiswahili humjua kwa vitabu vyake vya sarufi na hadithi, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, akitaka kuwarudisha katika nchi za upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliiona ardhi kuwa njema, na miguu yao ilikuwa imechoka, wakakaa. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mmakua, Mkristo wa kanisa lililozaliwa na safari ile, na nyumba yake ilikuwa karibu na kilima cha Mtandi. Katika ujana wake alikuwa mwindaji wa nguruwe mwitu, na hata alipokuwa hawezi tena kufuata nyayo porini hakukosa mbwa uani pake.

Babu alikuwa na desturi ya kuwapa mbwa wake majina ambayo ndani yake mna maneno ya kuwaambia watu. Mmoja alimwita Hawajui, mwingine Tutaona. Akitaka kumjibu jirani pasipo kugombana naye, alimwita mbwa wake kwa sauti kubwa, na jirani akaelewa. Mwaka 2001 nilipata kazi ya ualimu Newala, kwao mama yangu, nikaenda kumuaga. Babu akanipa mtoto wa mbwa, mwekundu mwenye kifua cheupe, ambaye macho yake yalikuwa hayajazoea jua.

"Huyu jina lake Waseme," akaniambia. "Kule uendako kwa wajomba zako mbwa hapendwi. Watasema. Nawe utamwita jina lake."

Kutoka Masasi kwenda Newala ni kuiacha nchi ya chini na kupanda ukingo wa uwanda wa Makonde. Misheni ya Masasi nayo ilipata kuipanda njia hiyo: Wangoni walioitwa Magwangwara walipoivamia mwaka 1882, padri Chauncy Maples alihamishia makao yake Newala. Mimi nilipanda kwa lori, na Waseme katika tenga la kuku miguuni pangu. Tulipofika juu upepo ukawa baridi, na kusini tukaiona nchi ikishuka ghafula mpaka bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto Msumbiji ikififia katika ukungu. Waseme hakuyatazama hayo. Alikuwa akihema kwa kiu, ulimi nje, nami sikuwa na maji.

Hapo sina budi kueleza habari ya maji ya Newala, maana bila hiyo habari ya mbwa huyu haifahamiki. Uwanda wa Makonde ni nchi ya mchanga. Mvua inyeshayo juu yake haikai. Huzama mara moja, ikatokea tena mabondeni, chini ya kingo. Kwa hiyo watu hukaa juu na maji hukaa chini. Profesa Karl Weule wa Leipzig, aliyefika Newala mwaka 1906, aliiandika hekaya ya Wamakonde wenyewe juu ya jambo hili. Mtu wa kwanza, aliyeishi peke yake, alichonga sanamu ya mti akaisimamisha penye makao yake; usiku sanamu ikapata uhai ikawa mwanamke. Wakashuka bonde la Ruvuma, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakaenda bonde la Mbwemkuru, na wa pili naye akafa. Waliporudi juu wakamzaa wa tatu, naye akaishi. Ndipo mtu yule akawausia wazao wake wakae nyanda za juu, wayaepuke mabonde ambamo mna maradhi na mauti, na wafu wao wawazike wima, kwa ukumbusho wa mama aliyepata uhai akiwa amesimama.

Mfu aliyezikwa wima sijamwona, maana dini zimeyabadili mazishi. Lakini wasia wa kukaa mbali na maji niliuona shingoni mwa bibi yangu mzaa mama. Yeye alizaliwa kabla ya mabomba. Katika usichana wake alikuwa akiamka kabla ya alfajiri, akashuka ukingo pamoja na wenzake, akateka, akapanda na mtungi kichwani, na jua likamkuta njiani. Katika miaka ya 1950 maji yalianza kusukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni mpaka uwandani, na watu wakashukuru. Lakini bomba lina siku zake za kutoa na siku zake za kukauka. Kwa hiyo nyumba nyingi za Newala zina kisima cha saruji uani, kipokeacho maji ya mvua kutoka katika mabati ya paa. Kisima kikijaa mwezi wa Machi, mwenye nyumba huanza kuhesabu. Bibi alihesabu kwa kata. Alijua kata ngapi huingia katika chungu cha ugali, ngapi katika kufua, na ngapi katika udhu, wala hakuna aliyeweza kumdhulumu kata moja.

Nilipoingia uani na tenga langu nikamwamkia, alinijibu marahaba, kisha akachungulia ndani ya tenga.

"Umeniletea mnywaji mwingine," akasema. "Je, umeleta na maji yake?"

"Nitamgawia yangu, Bibi."

"Yako yako wapi, mume wangu? Hapa maji ni ya kisima, na kisima ni changu."

Nikamfunga mtoto wa mbwa chini ya mkorosho uliokuwa nyuma ya nyumba. Jioni, alipoona hapati kitu, alianza kuulamba mchanga mahali ambapo mtungi ulikuwa umedondosha maji. Bibi alimtazama kitambo. Akaingia ndani, akatoka na kigae kikubwa cha mtungi wake uliovunjika, akamimina nusu kata, akakisukuma kwa mguu mpaka mbele ya mnyama. "Kiumbe chenye kiu hakiulizwi kabila," akasema. Na tangu siku ile kigae kile kikawa cha Waseme, na nusu kata ya maji ikaingia katika hesabu ya nyumba.

Babu alikuwa amesema kweli: watu walisema. Jirani yetu mmoja alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu mpole tuliyemwita Maalim. Alinikumbusha kwa upole kwamba wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pande zetu, hufundisha kuwa chombo alicholamba mbwa kioshwe mara saba, na moja katika hizo kwa udongo. Mara saba katika nchi yenye mto ni neno jepesi. Mara saba katika nyumba ihesabuyo kata ni mzigo mzito. Nyumba yetu ilikuwa na dini mbili, ya babu na ya bibi, nasi tulikuwa tumezoea kuyaheshimu masharti ya kila moja. Basi Waseme akakaa chini ya mkorosho wake, na kigae chake kikakaa huko, na chombo kingine chochote hakukigusa. Nadhani alijua mpaka wake upesi kuliko watu wengi wanaoijua mipaka yao. Mlangoni alilala, kizingiti hakukivuka.

Shamba letu lilikuwa upande wa ukingo, mahali ambapo nyumba zinakwisha na vichaka vinaanza. Tulilima mahindi, mtama na mihogo kati ya mikorosho. Mkulima wa kusini ana adui mmoja asiyelala, naye ni nguruwe mwitu. Kundi moja la nguruwe kwa usiku mmoja hufukua mihogo ambayo mtu ameilima mwaka mzima. Kwa sababu hiyo, tangu Machi mpaka mavuno yaishe, watu huhamia mashamba, wakalala katika madungu na vibanda vya nyasi, wakipiga madebe kuwatisha wanyama. Lakini nyuma ya nguruwe huja simba. Mahali ambapo wanyama wengine wa porini wamekwisha, nguruwe ndiye riziki ya simba. Nguruwe akifuata mihogo, simba humfuata nguruwe, na mwisho wa njia hiyo yupo mtu amelala katika kibanda kisicho na mlango. Wataalamu waliochunguza jambo hili walihesabu kuwa kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 563 katika Tanzania na kuwajeruhi wengine 308 au zaidi. Mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi, na mashambulio yalizidi majira ya mavuno. Walio mbali huisoma hesabu hiyo kama hesabu. Sisi tulikuwa tukiisoma usiku, kwa masikio.

Mwezi Aprili mwaka 2003 nililala shambani na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Dungu letu lilikuwa la miti myembamba, kimo chake hakikuzidi kifua cha mtu. Waseme alikuwa chini yake. Sauti yake dhidi ya nguruwe tuliijua: alibweka huku akikimbilia mbele, na sauti ikaenda ikipungua kadiri alivyowafukuza. Usiku ule hakukimbia. Tuliamshwa na mngurumo mdogo ambao sikupata kuusikia katika koo lake. Nilipochungulia nilimwona amesimama baina ya miti ya dungu, mgongo wake kwetu, manyoya yamesimama, anabweka upande wa giza pasipo kusogea mbele wala nyuma. Nguruwe walikuwa wamenyamaza. Kisha tukasikia harufu.

Mdogo wangu alianza kupiga debe, mimi nikachochea moto mpaka nyasi za paa zikakaribia kuungua. Tulipiga debe mpaka mikono ikawa haina nguvu. Waseme alibweka mpaka alfajiri. Mwishowe sauti yake ilikuwa kama ya mzee mwenye kikohozi. Kulipopambazuka tukaona nyayo, pana kama sahani, zimelizunguka dungu mara mbili.

Sisemi kwamba mbwa wangu alimfukuza simba. Simba hafukuzwi na mbwa, na mwenye kusema hivyo ametunga hadithi. Nasema kuwa alituamsha, kisha akakaa. Njia ya nyumbani aliijua, na miguu yake ilikuwa na mbio kuliko yetu. Hakuna kamba iliyomfunga usiku ule. Tulipomweleza Bibi, hakusema neno. Alichukua kata, akaijaza, akaenda mwenyewe chini ya mkorosho, akamimina kigaeni. Mbwa alipomaliza, akamimina tena. Mdogo wangu alitaka kumkumbusha hesabu ya kisima, nikamfinya mkono.

Miaka iliyofuata naipita upesi, maana raha haina habari nyingi. Waseme alizeeka. Macho ya Bibi nayo yalianza kuingia ukungu, na kidogo kidogo mambo yale mawili yakakutana. Asubuhi Bibi alipotoka kwenda kisimani, mbwa alimtangulia hatua chache, akisimama pale ambapo njia ilikuwa na shimo au kisiki. Bibi hakumgusa hata mara moja, wala mbwa hakuligusa vazi lake. Walikwenda hivyo, mmoja mbele na mmoja nyuma, kama watu waliokwisha kupatana bila maneno. Ukimwuliza Bibi alisema mbwa yule hana maana, anakula bure. Lakini msimu wa korosho, tulipokuwa sote shambani tukiokota, nilimsikia zaidi ya mara moja akimweleza Waseme bei ilivyoshuka.

Sasa nafika penye kosa langu. Mwaka 2010 ulianza katika wilaya za kusini mashariki mwa Tanzania mpango mkubwa wa kuwachanja mbwa dhidi ya kichaa, kwa kazi ya serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani. Ugonjwa huu hukadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni watu wa vijijini wa Afrika na Asia. Dawa ya kuuzuia si mpya; Louis Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza aliyeumwa mwaka 1885. Wala hesabu yake si ngumu: mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mimi, mwalimu, niliwasomea wanafunzi wangu tangazo la chanjo, nikawaandikia ubaoni siku na mahali. Ilikuwa Jumamosi, na haikudaiwa hata senti moja. Jumamosi hiyo mimi nilikwenda Masasi kutazama mpira. Nilijiambia kwamba Waseme ni mzee, hazururi, na zamu nyingine itakuja. Watoto niliowafundisha waliwapeleka mbwa wao kwa kamba za katani. Mbwa wa mwalimu alibaki chini ya mkorosho.

Baada ya miezi mitatu, mbwa mgeni asiyejulikana alitoka vichakani akamwuma Waseme bega. Nilimwosha jeraha kwa maji ya chumvi, likapona, nikasahau. Ugonjwa huu hausahau. Hutembea polepole katika mishipa mpaka ubongoni, na safari yake huweza kuchukua majuma au miezi.

Mwezi Oktoba 2012, kisima kikiwa karibu na mwisho wake na mvua bado mbali, Waseme aliacha kula. Sauti yake ikabadilika ikawa ya kukwama. Siku ya pili taya lake likalegea, mate yakamtoka kama uzi. Nikadhani amekwamwa na mfupa kooni. Nikapiga magoti, nikamshika kichwa, nikatia mkono kinywani mwake kuutafuta. Hapakuwa na mfupa. Jino likanikwaruza kidole, si kwa kuuma, bali kwa mkono wangu mwenyewe kupita juu yake.

Bwana mifugo alikuwa akiishi mtaa wetu. Alipita na baiskeli yake, akaona, akasimama mbali.

"Mwalimu, umemtia mkono kinywani?"

"Nimemtia. Nadhani ana mfupa."

"Hana mfupa. Ondoka hapo taratibu. Nenda kaoshe mkono sasa hivi, kwa sabuni na maji ya kumiminwa, dakika kumi na tano. Wala usihesabu maji."

Bibi alikuwa barazani, akasikia. Wakati huo alikuwa amepita umri wa miaka themanini na mitano, na kisimani mlikuwa na maji ya kutufikisha, kwa hesabu yake, siku ishirini. Akamwamuru mdogo wangu ateke. Akaishika kata yeye mwenyewe, kwa sababu hakutaka mwingine aishike, akaanza kumimina juu ya kidole changu. Ndoo ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, mchanga ukiyanywa maji yote miguuni petu. Nilipoona ya tatu inaletwa nikashindwa kuvumilia.

"Imetosha, Bibi. Kisima kitakauka."

"Nyamaza. Dakika zake hazijatimia." Akamwuliza bwana mifugo, aliyekuwa ameshika saa, zimebaki ngapi, akamimina tena. "Kisima kitajazwa na mvua. Wewe ungejazwa na nini?"

Naam, nililia pale. Watu walidhani ni kwa hofu, na hofu ilikuwamo. Lakini kilichonivunja ni ile kata. Mwanamke ambaye alikuwa amehesabu maji tangu usichana wake aliyamwaga mchangani pasipo kuyatazama, na sababu ya kuyamwaga ilikuwa uvivu wangu wa Jumamosi moja. Siku ile ile nilikwenda hospitali nikaanza sindano, nikazirudia kwa siku nilizopangiwa mpaka zikaisha. Dalili zikiwa hazijatokea, ugonjwa huu huzuilika; zikiisha kutokea, hauna tiba kwa mtu wala kwa mnyama.

Niliporudi, Waseme alikuwa amefungwa kwa mnyororo penye mkorosho wake, na watoto wamezuiwa. Bwana mifugo alisema atakuja asubuhi na dawa ya kumpumzisha. Usiku ule sikulala. Nilichukua mti mrefu, nikakisukuma kigae chenye maji mpaka mbele yake. Alikitazama, akakijua. Akatia pua, akajaribu kunywa, na maji yakarudi yote kwa pembe za kinywa. Akajaribu tena. Watu husema kwamba mbwa mwenye kichaa huyaogopa maji. Kwa binadamu hofu hiyo ipo kweli. Lakini mbwa haogopi, ila koo lake limepooza. Ana kiu, maji anayaona, wala hawezi kuyameza. Wazee walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, wakawa na maana ya kuwatia moyo wanaotaabika. Mbwa wangu aliuona ufuko wake usiku kucha, kwenye kigae alichokinywea miaka kumi na mmoja. Alikufa kabla ya jua kutoka, na kichwa chake kilikuwa karibu na maji hayo.

Bwana mifugo alinipa mifuko ya mikono na kunieleza masharti: shimo liwe refu, ili fisi na mbwa wengine wasimfukue, na vyote alivyolamba vizikwe au vichomwe. Nikauliza habari ya kigae. Kabla hajajibu, Bibi akasema kutoka barazani, "Chake kiende naye." Hivyo sheria ya afya na desturi ya wazee zikaamua neno moja.

Nilichimba chini ya mkorosho. Mchanga wa Newala ni mwepesi, hata shimo likanifika kifuani kabla jua halijawa kali. Hapo nikamwona Maalim amesimama penye ua. Moyo wangu ukaingia uzito, nikangoja lawama, maana kaburi la mbwa kwa kimo kile halikuwa jambo la kawaida mtaani petu, na wapitao walikuwa wamekwisha kucheka. Maalim aliniuliza mkono wangu unaendeleaje. Kisha akasema kwamba sheria haikumkataza mbwa wa shamba, wala wa mifugo, wala wa kuwinda. Akanikumbusha hadithi ya Mtume juu ya mtu aliyekuwa safarini akashikwa na kiu, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu. Mtu yule akashuka mara ya pili, akakijaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno ili apate kupanda, akamnywesha mbwa. Na kwa tendo hilo Mungu akamsamehe.

"Nimeisomesha hadithi hiyo miaka thelathini," akasema, "na kila mara nilipoisomesha nilikuwa nikimwona bibi yako na kata yake. Sikupata kumwambia."

Akaingia uani, akachukua jembe la pili. Sikumzika Waseme wima kama wasia wa hekaya. Nilimlaza kwa ubavu kama alivyokuwa akilala, na kigae nikakiweka chini ya taya lake. Hatukusoma dua, kwa kuwa si mahali pake. Tulifukia tu, Maalim upande mmoja na mimi upande mmoja. Tulipomaliza, Bibi aliuliza kama tumenawa. Tukanawa, naye akamimina.

Nimepata kujiuliza kama huzuni ile ilikuwa na kiasi chake. Homer wa Wayunani anasimulia kwamba Odysseus aliporudi kwake baada ya miaka ishirini, mbwa wake Argos ndiye aliyemtambua mara moja, akafa. Na shujaa yule, aliyekuwa amejigeuza maskini, alilifuta chozi kwa siri asionekane. Alikuwa na sababu ya kuficha, maana adui zake walikuwamo nyumbani. Sisi wengine tunaficha kwa sababu ya kicheko tu. Baada ya kufikiri naona kwamba huzuni haipimwi kwa cheo cha aliyekufa, bali kwa kile tulichopewa naye na kile tulichomnyima. Nilipewa usiku mmoja wa Aprili, na uhai wa mdogo wangu ndani yake. Nilimnyima asubuhi moja ya Jumamosi. Machozi ya mtu aliyetimiza wajibu wake hukauka upesi. Yangu yalichelewa kukauka kwa sababu nilikuwa nikimlilia mbwa nusu, na nusu nikijililia mwenyewe. Na kaburi halifungiki mpaka nusu ya pili itajwe jina lake. Jina lake ni uzembe. Nimelitaja.

Bibi naye amekwisha kufariki, na kisima sasa nakihesabu mimi. Mkorosho bado unazaa. Kila mwaka tarehe 28 Septemba, siku ambayo dunia imeiweka kwa ajili ya kupambana na kichaa cha mbwa, nawasimulia wanafunzi habari za kidole changu. Na kila chanjo inapotangazwa napita nyumba kwa nyumba nikiwauliza watu mbwa wao wako wapi. Wasioweza kwenda nawapelekea mimi, hata wanne kwa safari moja, kamba mkononi, nikivutwa huku na huku barabarani. Ninaopishana nao hucheka, wakasema mwalimu huyu amepatwa na wazimu wa mbwa. Mimi huwaitikia salamu zao, nikaenda zangu. Waache waseme.